Mwanangu hapati nane jumlisha saba bila kuchora vijiti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa, yupo Darasa la Nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Kusoma anasoma vizuri, shida ni hesabu. Ukimwuliza nane jumlisha saba anachukua penseli, anachora vijiti, anahesabu kimoja kimoja, na mara nyingine bado anakosea. Nikimkataza vijiti anatumia vidole chini ya meza. Nikimwuliza kwa haraka anaanza kulia. Mwalimu wake anasema mtoto ni mzito, nimtafutie tuisheni, na mwezi wa kumi kuna upimaji wa kitaifa. Mimi nina genge la mboga, jioni anakuja kukaa nami mpaka nifunge. Ila mimi mwenyewe hesabu zilinishinda tangu shule, nikiona tu daftari lake mwili unanisisimka. Nimsaidieje hesabu za kichwa? Na je, nimwachie simu atumie kikokotoo mpaka atakapozoea?

JIBU: Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema hesabu zilikushinda. Naomba nianzie hapo kabla hata ya mtoto, kwa kuwa sikubaliani nawe, na sababu ninayo.

Mteja amesimama gengeni kwako. Kachukua mafungu matatu ya nyanya ya mia tano mia tano, vitunguu nusu kilo kwa elfu moja na mia mbili, karoti za mia nne na tangawizi ya mia mbili hamsini. Umeshamwambia "elfu tatu mia tatu hamsini" kabla hujamaliza kumfungia mfuko. Anakupa noti ya elfu tano. Mkono wako unaingia kwenye kopo la chenji: unatoa sarafu ya hamsini, mdomoni unasema "mia nne", unaongeza mia, "mia tano", unaongeza jero, "elfu nne", unamalizia na noti ya buku, "elfu tano yako hiyo." Mteja anaondoka na 1,650 yake na hakuna aliyeshika kalamu.

Sasa iandike hesabu hiyo hiyo kwenye daftari, 5,000 kutoa 3,350, moja juu ya nyingine. Sifuri kutoa sifuri, sawa. Sifuri kutoa tano haitoshi, nenda kakope kwa jirani. Jirani naye ni sifuri, hana kitu, inabidi akakope kwa tano. Tano inabaki nne, jirani anapata kumi, anatoa moja kumpa aliyemwomba, anabaki na tisa. Hapo ndipo mwili unaposisimka, na mimi niliyefundisha hisabati miaka mingi nisingependa kuifanya kichwani kwa njia hiyo. Kukopa huko kulitengenezwa kwa ajili ya karatasi, mahali ambapo unaweza kukata namba na kuandika nyingine juu yake. Wewe gengeni huna karatasi, kwa hiyo umepita njia nyingine: umeanzia kwenye bei, ukapanda ngazi kwa ngazi mpaka ukaifikia pesa uliyopewa, kisha ngazi ulizopanda ndizo chenji. Hiyo ni hesabu ya kichwa kamili. Unaifanya mara nyingi kwa siku, na ukikosea unalipa mwenyewe.

Sisemi haya ili kukupa moyo tu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya mjini Recife, Brazili, kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni. Kwanza waliwaendea kama wateja, wakauliza bei na chenji. Watoto walipatia majibu 98 katika kila 100. Baadaye watoto wale wale wakapewa hesabu zenye namba zile zile, safari hii zimeandikwa kama za shuleni, tarakimu tupu. Wakapatia kama 37 katika kila 100. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja cruzeiro 35. Hakufanya kama shuleni, kuongeza sifuri mwishoni mwa 35. Alisema tatu ni 105, na tatu nyingine, 210, bado nne, akafika 315, kisha 350. Alianzia pale anapopajua, akajenga juu yake.

Kwa hiyo nyumbani kwenu hesabu zipo tele. Mwanao hazisikii, kwa sababu unazifanya kimyakimya na upesi, kama mtu yeyote aliyezoea kazi yake. Naomba uanze kuzisema. Wiki ya kwanza usimwulize chochote. Mpe kopo la chenji alishike yeye, na kila unaporudisha pesa, sema kwa sauti na taratibu: "Bei elfu tatu mia tatu hamsini. Nipe hamsini, tumefika mia nne. Nipe mia, mia tano. Nipe jero, elfu nne. Nipe buku, elfu tano." Mikono yake inatoa sarafu, masikio yake yanasikia namba zikipanda. Wiki ya pili, mwachie ngazi ya mwisho tu: "Tumefika elfu nne, imebaki ngapi kufika elfu tano?" Ile anaiweza, na atafurahi kuiweza mbele ya mteja. Wiki inayofuata mwachie ngazi mbili. Akikwama, panda wewe na uendelee, bila kuguna na bila kumtazama usoni. Mteja mwenye haraka mhudumie mwenyewe. Mtoto asigeuzwe kichekesho cha foleni.

Sasa vijiti. Nakuomba usimkataze. Siku moja kaa pembeni yake utazame vizuri anavyofanya. Atachora nane, atachora saba pembeni. Kisha atarudi kwenye kijiti cha kwanza kabisa, ataweka ncha ya penseli, "moja", "mbili", "tatu"... Akifika kama kumi na mbili bodaboda inapita, anainua macho, akirudi anaruka kijiti kimoja, anapata kumi na nne. Wewe unaona mtoto mzito. Mimi ninaona mtoto makini aliyefanya kazi ndefu kuliko inavyohitajika. Ile nane aliihesabu alipokuwa akiichora. Ameihesabu tena alipokuwa akijumlisha. Kilichomkosa ni kuiamini nane kwamba ni nane, haihitaji kuhesabiwa upya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndogo sana: aanzie kwenye namba kubwa. Mwambie aweke nane kichwani, ajiguse paji la uso, "nane", kisha atoe vidole saba juu ya meza, hadharani, aendelee: tisa, kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tano. Akiulizwa tatu jumlisha nane, ageuze, aanze na nane. Vidole havina aibu. Karibu kila mtoto anayejua hesabu leo alipita vidoleni, na anayelazimishwa kuviacha kabla ya wakati anavificha chini ya meza, mahali ambapo wewe huwezi kuona amekosea wapi. Vitaondoka vyenyewe siku atakapopata njia fupi zaidi.

Na njia fupi zaidi ni kumi. Hapa ningependa uchukue muda, kwa sababu mtoto akiipata kumi, mengine yote yanakuwa mepesi. Tafuta trei ya mayai iliyokwisha kazi. Ina mistari sita ya mayai matano matano. Kata mistari miwili, utapata kitrei cha nafasi kumi, tano juu na tano chini. Okoteni vizibo vya soda kama ishirini. Weka vizibo vinane kwenye kitrei, saba vikae mezani. Usiulize "nane jumlisha saba ngapi". Uliza: "Kitrei kinataka vingapi kijae?" Anaona nafasi mbili tupu, huhitaji kumfundisha. Achukue viwili kutoka kwenye saba, ajaze. Mezani vimebaki vitano. Kitrei ni kumi, mezani ni tano, na Kiswahili chenyewe kinamtamkia jibu: kumi na tano. Wazazi wengi hawaioni zawadi hii ya lugha yetu. Mtoto anayehesabu kwa Kiingereza anakutana na "eleven" na "twelve", ndani yake hasikii kumi wala moja wala mbili. Wa kwako anasikia kumi na moja, kumi na mbili, hesabu imeshafanywa ndani ya jina.

Mkishacheza na kitrei siku kadhaa, kifunike kwa kitenge. "Mle ndani mna tisa. Mezani sita. Kitrei kinataka vingapi?" Sasa anakiona kichwani, na hapo ndipo hesabu ya kichwa inapoanza kweli. Halafu vichezeeni vile viwili vinavyotimiza kumi: wewe ukisema saba, yeye aseme tatu, ukisema nne, aseme sita. Mchezo huu unachezeka mkiwa njiani kurudi nyumbani, mkiwa mnachambua mchicha, mkisubiri maji yajae ndooni. Dakika tano zinatosha. Akishazoea, ugeuze kuwa wa mia: ukisema thelathini, aseme sabini. Kisha wa elfu, na huo ndio chenji ya buku.

Labda utajiuliza kwa nini nasisitiza kumi badala ya kumkaririsha majibu. Kichwa cha binadamu, cha mtoto na cha mkubwa, kinashika vitu vichache mno kwa wakati mmoja, vitatu au vinne hivi, mengine yanamwagika. Anayehesabu kimoja kimoja anatumia nafasi yote kukumbuka amefika wapi. Anayejaza kumi anashika vitu viwili tu: kumi, na kilichobaki.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo ningetamani kila mzazi alitumie kufundishia hesabu: kasoro. Mwanao anajua saa? Basi anajua "saa nne kasorobo". Anajua kwamba tumeisogelea saa nne, imepungua robo. Lichukue neno hilo ulipeleke kwenye namba. Tisa ni kumi kasoro moja. Tisini na nane ni mia kasoro mbili. Elfu moja mia tisa hamsini ni elfu mbili kasoro hamsini. Mtoto aliyezoea kusema hivyo, akiulizwa tisa jumlisha sita atasema kumi na sita kasoro moja, kumi na tano. Na mteja akitaka vitu vinne vya 1,950 kila kimoja, mwenye kalamu ataanza kuzidisha sifuri, tano, tisa, moja, akibeba na kujumlisha. Wewe na mwanao mtasema: mara nne elfu mbili ni elfu nane, kasoro hamsini nne, ambazo ni mia mbili, elfu saba mia nane. Jaribu sasa hivi kwa sauti, uone jinsi ulimi unavyoifanya kazi karibu yote.

Saa yenyewe ni shamba jingine la hesabu, na liko ukutani au mfukoni mwa kila mtu. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na tofauti yake ni sita. Mwombe akusomee saa kwenye simu kisha akutajie kwa Kiswahili: simu ikisema 15:00 atoe kumi na mbili apate tatu, aongeze sita, saa tisa alasiri. Basi likiondoka saa kumi na mbili asubuhi likafika saa tisa alasiri, limetembea saa ngapi? Kwa saa zetu jibu limeshatajwa, tisa, kwa kuwa siku imeanza upya pale kwenye kumi na mbili. Watoto hulifurahia sana hilo wakiligundua wenyewe.

Lakini lugha yetu ina mahali inapomkwaza mtoto pia, nami sijaona tukipazungumza vya kutosha. Ni kwenye makumi. Sitini unaisikia sita ndani yake, sabini unaisikia saba, tisini unaisikia tisa. Ila thelathini, tatu iko wapi? Arobaini, nne iko wapi? Ishirini, hamsini na themanini vivyo hivyo. Majina haya yametoka kwenye Kiarabu, wakati mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu, kwa hiyo mtoto anakariri majina matano ambayo hayamwambii chochote. Ndiyo maana unaweza kumkuta anajua nne jumlisha tatu ni saba, lakini ukimwuliza arobaini jumlisha thelathini anarudi kwenye vijiti. Kwake ni maneno mageni mawili. Dawa yake ni kuyaita kwa jina la pili kwa muda: arobaini, makumi manne, thelathini, makumi matatu. Makumi manne na makumi matatu? Makumi saba. Sabini. Kama anapenda maneno, mwonyeshe ndugu zake: thelathini ni ndugu wa theluthi, fungu moja kati ya matatu, arobaini ni ndugu wa robo, hamsini ni ndugu wa Alhamisi, yaani siku ya tano ukihesabu kuanzia Jumapili, themanini ni ndugu wa thumuni, fungu moja kati ya manane. Umesema anasoma vizuri. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huingia kwenye hesabu kwa mlango wa maneno.

Sasa nije kwenye machozi, maana hilo ndilo lililonigusa zaidi.

Nilipoanza kazi, nilikuwa na desturi ya kuwasimamisha wanafunzi wote asubuhi na kuwarushia hesabu za kichwa. Anayejibu anaketi. Waliobaki wamesimama mwishoni walikuwa wale wale kila siku, nami niliamini ninawanoa. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa wa mwisho karibu kila asubuhi. Siku moja nikamwomba anisaidie kubeba madaftari kwenda ofisini, na tukiwa njiani, bila kufikiria, nikamwuliza sita mara nne, ile ile iliyomshinda dakika chache zilizopita mbele ya wenzake. Akajibu ishirini na nne bila hata kupunguza mwendo. Nilisimama pale na yale madaftari. Alikuwa anaijua muda wote. Kilichokuwa kikimzuia ni kusimama kule, na aliyemsimamisha nilikuwa mimi. Desturi ile niliiacha siku ile ile, na hata leo nikikumbuka idadi ya asubuhi alizosimama, inaniuma.

Hofu inakaa kwenye nafasi ile ile ndogo ya kichwani niliyokutajia. Ikiingia, namba zinatoka. Kwa hiyo kumwuliza mwanao kwa haraka kunampima hofu yake, hesabu hupati kuiona. Achana na haraka kabisa kwa sasa. Uliza, kisha kaa kimya. Hesabu pumzi zako tano au sita kabla hujasema neno. Mwanzoni kimya hicho kitakuwa kirefu kuliko unavyopenda. Na akijibu, awe amepatia au amekosea, swali lako liwe moja: "Umefikaje hapo?" Lisiwe la kumshika, utamani kweli kujua. Akikuambia nane na saba ni kumi na sita kwa sababu nane na nane ni kumi na sita, usimwambie amekosea. Amekaribia kwa njia nzuri kuliko vijiti. Mwulize: "Hii ilikuwa nane na nane, au imepungua kidogo?" Atairekebisha mwenyewe, na kesho atakuwa na njia yake.

Hofu nyingine ni ya kwako, na hapo nina utafiti mmoja wa kukuambia. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani. Wazazi waliokuwa na hofu ya hesabu na waliowasaidia watoto mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka ule, na wao wenyewe wakaanza kuziogopa. Wenye hofu ile ile ambao hawakukaa sana juu ya daftari, watoto wao hawakudhurika. Kwa hiyo nakuruhusu, kwa moyo mweupe, kuliacha daftari. Kazi ya shule aifanye mwenyewe au na kaka, dada au jirani asiyetetemeka. Wewe mpe kile ambacho unakifanya bila kuogopa, chenji na mafungu na mizani. Na neno "hata mimi hesabu zilinishinda" usilitamke tena mbele yake. Unalisema kwa kumfariji, yeye analisikia kama habari ya ukoo.

Kuzidisha nitakugusia kwa ufupi, kwa sababu Darasa la Nne kunahitajika sana na mgongo wa daftari lake umejaa jedwali linalotisha kulitazama. Mpaka kumi mara kumi kuna majibu 100. Lakini tatu mara saba na saba mara tatu ni kitu kimoja, basi yanabaki 55. Toa ya moja, ya mbili, ya tano na ya kumi, ambayo watoto wengi huyaweza mapema, yanabaki 21. Ya tisa yafanye kwa kasoro: tisa mara saba ni sabini kasoro saba, sitini na tatu. Yamebaki 15 tu, na yale yenye nne ni kuzidisha kwa mbili mara mbili. Muandike hayo 15 kwenye kipande cha boksi, ubandike gengeni, mshughulike na moja kwa siku mbili tatu. Saba mara nane, inayowashinda wengi, mwonyeshe jinsi ilivyojipanga: 5, 6, 7, 8. Hamsini na sita ni saba mara nane.

Mwalimu wake akitaka njia ya kukopa na kubeba kwenye daftari, mtoto aifanye hivyo hivyo bila ubishi. Kwenye upimaji itamfaa. Ile ya kichwani aitumie kukagua kama jibu linaingia akilini.

Tuisheni? Kama ni darasa la watoto arobaini wanaokaririshwa jedwali kwa fimbo, pesa hiyo mnunulie maziwa. Kama kuna mwalimu anayekaa na watoto wachache na kuwauliza wamefikaje, mpeleke. Na neno "mzito" nisingelikubali kwa mtoto anayesoma vizuri na kuhesabu vijiti kumi na tano kwa uangalifu. Hata hivyo, kaa naye siku moja umwulize ipi kubwa, saba au tisa, na umtupie vizibo vitatu mezani uone kama anavitambua kwa kuvitazama tu. Akiwa hata hapo anahangaika, na kitrei cha mayai kisimsogeze baada ya miezi miwili mitatu ya utulivu, rudi kwa mwalimu mzungumze upya. Wapo watoto wachache ambao namba zenyewe ndizo zinazowasumbua, wanahitaji msaada wa mtu aliyesomea. Kabla ya yote mkamwangalie macho na masikio hospitalini. Mtoto asiyeona ubao vizuri huitwa mzito kwa urahisi sana.

Simu mpe, ila iwe ya mwisho kuongea. Kwanza akisie: bei itazidi elfu kumi au haitazidi? Kisha afanye kichwani kwa njia anayoitaka. Ndipo abonyeze kuhakikisha. Simu ikitofautiana naye, mtafute pamoja nani kakosea, kwa maana vidole navyo hubonyeza vibaya.

Mkishafika kwenye vitu sita vya 1,950 kila kimoja, niandikie tena uniambie alivyopita. Mimi ningesema elfu kumi na mbili kasoro mia tatu. Yeye huenda akaanza na viwili, 3,900, akavirudufu kwanza vinne, kisha akaongeza viwili tena, kama yule wa nazi. Niandikie maneno yake mwenyewe, hata kama jibu hakulipata.